Roketi Inapoanguka Siku ya Majaribio: Dhana Potofu na Ukweli

Habari ya kombora lililoshindwa katika majaribio ikifika hapa Lubumbashi, maelezo mawili hutangulia: ama waliolitengeneza hawajui kazi, ama adui amelihujumu. Hayo hayo husemwa juu ya roketi ya kampuni ya Kijerumani OTRAG, iliyorushwa mbele ya Rais Mobutu tarehe 5 Juni 1978 kutoka uwanda ulio juu ya mto Luvua, kaskazini mwa Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, nayo ikapinduka na kuanguka bondeni.

Wanaowaita mafundi wale wajinga wanasahau kwamba roketi zao mbili za kwanza, ya Mei 1977 na ya Mei 1978, zilipaa vizuri kutoka uwanda huo huo. Roketi hizo ziliongozwa kwa kupunguza msukumo wa upande mmoja na kuuacha wa upande wa pili, kupitia vali, yaani vilango vya kupitisha mafuta, zilizoendeshwa na mota za kupangusia vioo vya gari. Mpango huo ni rahisi kwa gharama, lakini vali moja ikichelewa tu, pande hazisukumi sawa na chombo kizima huinama.

Dhana ya hujuma ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa inafunga mlango wa uchunguzi. Tarehe 2 Julai 2013 roketi ya Urusi, Proton-M, ilianguka Baikonur, kituo cha kurushia roketi kilicho Kazakhstan, ikiwa na satelaiti 3, na wachunguzi wakakuta vihisi 3 kati ya 6 vinavyopima mzunguko wa chombo vimefungwa juu chini. Vihisi hivyo havikuwa vibovu. Vilipima kama vilivyoundwa kupima, ila jibu lake lilikuwa kinyume, hivyo kila mara kompyuta ilipojaribu kurekebisha mwelekeo iliuharibu zaidi.

Wengine huamini kwamba kifaa kilichofaulu kwingine hakiwezi kushindwa. Roketi ya Ulaya Ariane 5 ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996, ilitumia programu ya kupima mwelekeo iliyotoka kwa mtangulizi wake, Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta shida. Lakini roketi mpya iliongeza kasi ya mlalo upesi zaidi, namba ikazidi nafasi ya biti 16 (tarakimu 16 za 0 na 1) iliyotengewa katika kompyuta, na kifaa cha kupima mwelekeo kikazimika. Kile cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimekwisha kuzimika kwa sababu ile ile. Hata mlipuko ulioonekana angani haukuwa chanzo: roketi ilianza kuvunjika kwa kugeuka ghafla, ndipo mfumo wake wa usalama ukailipua.

Si kweli pia kwamba jaribio la namna hiyo halileti faida. Ripoti ya Ariane 5 ilitoka Julai mwaka huo huo, kwa sababu vipimo vilivyotumwa kwa redio hadi dakika ya mwisho, pamoja na vifaa vilivyookotwa katika mabaki, viliwawezesha wachunguzi kuonyesha ni hesabu ipi iliyokwama.