Je, wajua seva moja hubebaje tovuti nyingi bila kuzichanganya?

Tovuti ya hoteli ya Paje, ya duka la viungo la Chake Chake na ya wakala wa boti wa Malindi zinaweza kukaa kwenye seva (kompyuta inayohudumia tovuti) moja, zote kwa anwani moja ya IP, yaani namba ya kuifikia mtandaoni. Sasa seva inajuaje mgeni anaitaka ipi?

Ombi lenyewe linasema. Simu huiuliza kwanza DNS, daftari la majina ya mtandaoni, namba ya jina ulilotafuta, na majina yote matatu hujibiwa namba ile ile. Ikishafika hapo, hutuma ombi lenye mstari wa Host unaolitaja jina ulilotaka. Ni kama S.L.P. ya skuli: sanduku moja, lakini kila barua ina jina la mwalimu wake. HTTP, kanuni ya maombi hayo, toleo la 1.0 haikuulazimisha mstari huo, 1.1 ya mwaka 1997 ikaulazimisha. Anwani za IPv4, yaani IP toleo la 4, ni kama bilioni 4.3 tu, na kuipa kila tovuti yake ni israfu.

Utamu, na balaa, huanza ukiweka proksi (programu ya kati inayopokea maombi) yenye kashe (ghala la nakala) mbele ya seva. Hiyo hubakisha nakala ya ukurasa ili anayefuata apewe bila seva ya nyuma kusumbuliwa, na kila nakala ina ufunguo, yaani lebo ya kuitafutia. Proksi iitwayo Varnish kwa kawaida hutumia njia ya ukurasa (kama `/bei`) pamoja na jina la Host, basi salama. Nyingine, Nginx, usipoigusa mipangilio yake hutumia `$scheme$proxy_host$request_uri`, na `$proxy_host` si jina aliloandika mgeni, ni la seva ya nyuma uliyoitaja kwenye `proxy_pass`. Tovuti zote tatu zikielekezwa `http://127.0.0.1:8080` na kutumia kashe moja, ufunguo wa `/bei` unakuwa mmoja. Mtalii anatafuta chumba Paje, anaoneshwa bei ya karafuu! Na usiilaumu seva ya nyuma, ombi halikuifikia.

Dawa ni mistari miwili kwenye mipangilio ya Nginx:

`proxy_set_header Host $host;`
`proxy_cache_key $scheme$host$request_uri;`

Wa kwanza unaipa seva ya nyuma jina sahihi, wa pili unatenga nakala. Wengi huweka wa kwanza wakaridhika, kwa kuwa `/vyumba` na `/viungo` hufunguka sawasawa. Jaribu kurasa za mwanzo, moja baada ya nyingine: njia yake ni `/` kwa tovuti zote, basi hapo ndipo zinachanganyika. Jina lenye www na lisilo nayo nayo ni funguo mbili. Elekeza moja kwa mwenzake, usije ukaweka kila ukurasa mara mbili.