Lebanon 2005: hadithi ya msikiti na kanisa imenichosha

Juzi redioni, kituo nakihifadhi, mtangazaji alinikaribisha hivi: "Mwalimu, tueleze jinsi Wakristo wa Lebanon walivyowafukuza Wasyria huku Waislamu wakiwang'ang'ania." Nikaguna tu, maana tulikuwa hewani. Swali hilo nimelijibu darasani, kwenye daladala, hata msibani. Sasa naliandika ili mwingine akiuliza nimtumie kiungo, niendelee na chai yangu.

Mpangilio wa matukio ni mwepesi, tuupite haraka. Septemba 2004 Azimio 1559 la Baraza la Usalama likataka majeshi ya kigeni yaliyobaki Lebanon, yaani ya Syria, yatoke. Februari 14, 2005 Rafik Hariri, waziri mkuu wa zamani, akauawa kwa bomu Beirut pamoja na watu wengine 21. Machi 5 Bashar al-Assad, rais wa Syria wakati huo, akatangaza kwamba anawaondoa askari wake, waliokuwa kama 14,000 hivi. Aprili 26 wa mwisho wakaagwa kwa gwaride pale Rayak, bonde la Bekaa, wakavuka mpaka. Miaka 29 ikaishia hapo.

Sasa hiyo miaka 29 ndiyo watu hawataki kuisoma. Wasyria waliingia 1976, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, rais wa Lebanon akiwa Suleiman Frangieh, Mkristo wa Kimaroni, wakati wanamgambo wa Kikristo wamezidiwa na Wapalestina na mrengo wa kushoto wa Kamal Jumblatt, aliyekuwa Mdruze, dhehebu lililochipuka kutoka Uislamu. Yaani hao "waliofukuzwa na Wakristo" walikuja kuwaokoa Wakristo! Haya, subiri miaka miwili tu. Mwaka 1978 mizinga ile ile ya Syria inaipiga Achrafieh, mtaa wa Wakristo Beirut, karibu siku 100. Februari 1987 askari wa Syria wanaua wafuasi wa Hezbollah zaidi ya 20 huko Basta, Beirut, na Hezbollah ni chama chenye silaha cha Mashia, ambao baadaye tuliambiwa ni ndugu wa chanda na pete wa Damascus, yaani wa serikali ya Syria. Oktoba 1990 wanamng'oa Jenerali Michel Aoun, mkuu wa jeshi la Lebanon na Mmaroni, kwenye ikulu ya Baabda. Nitafutie dini hapo. Mimi naona mkono mmoja unaomchapa yeyote aliyekaribia kushinda, ili kila upande ubaki na haja ya kumpigia hodi Damascus.

Mchukue Walid Jumblatt. Baba yake, huyo Kamal, aliuawa Machi 1977, na wengi hawakuwa na shaka mkono ulikuwa wa nani. Arobaini ilipokwisha, kijana akafunga safari kwenda Damascus kumpa mkono Hafez al-Assad, rais wa Syria na baba yake Bashar. Akawa mshirika wao kwa miaka mingi, hadi mwishoni mwa 2004 alipowageuka. Mdruze yule yule, dhehebu lile lile. Na nani alibaki na Wasyria hadi dakika ya mwisho? Rais Emile Lahoud, Mmaroni, aliyeongezewa miaka mitatu madarakani kwa shinikizo lao. Hariri, ambaye kifo chake kilijaza watu barabarani, alikuwa Msuni. Kaburi lake liko kando ya msikiti wa Mohammad al-Amin, na jirani yake ni kanisa kuu la Wamaroni. Siku zile kulijaa mishumaa na maua; huyu anasoma Fatiha, aliye kando yake anafanya ishara ya msalaba.

Kidogo kuhusu lugha, maana nadhani nayo inatuponza. Neno letu "taifa" tumelitoa kwenye Kiarabu, ṭā'ifa. Kwa Mlebanoni neno hilo hilo maana yake ni dhehebu, na nchi yake inayatambua 18. Sisi tulichukua neno la kundi tukalifanya la nchi nzima. Kule nchi nzima imegawanywa kwa makundi hayo: urais kwa Mmaroni, uwaziri mkuu kwa Msuni, uspika kwa Mshia. Kwa hiyo kila anayegombea kitu lazima avae koti la dhehebu lake, hata kama anachogombea ni bandari. Mtazamaji wa mbali anaona koti, anadhani ndiyo sababu ya ugomvi.

Nikibanwa, hata hivyo, hoja yangu ina tundu, na silifichi. Machi 8, 2005 Hezbollah walijaza uwanja wa Riad al-Solh kuishukuru Syria. Machi 14 wapinzani wakajaza Uwanja wa Mashahidi, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka pale. Kwenye umati wa pili Mashia walikuwa wachache mno. Sasa nikisema dhehebu halikuwa na kazi nitakuwa mwongo. Najitetea kwamba Mashia wale walikuwa wanalinda silaha za Hezbollah, kwani Azimio 1559 liliwataka wanamgambo nao wazinyang'anywe. Lakini kuna siku utetezi huo naouona mwembamba hata mimi. Na usiniulize kila dhehebu lina asilimia ngapi. Sensa ya mwisho ni ya 1932, na hakuna mwanasiasa wa kule anayetamani nyingine.

Kilichofuata baada ya gwaride ndicho mtangazaji wangu hakukisikia kabisa. Uchaguzi ulianza Mei kwa sheria ile ile ya 2000 iliyotungwa Wasyria wakiwa wamekaa sebuleni, na Hariri mdogo (Saad, mwana wa Rafik), Jumblatt, Amal (chama kingine cha Mashia) na Hezbollah, watu wa viwanja viwili tofauti, wakaingia muungano mmoja wa kura. Aoun alirudi kutoka Ufaransa Mei 7, mtu aliyepigana na Wasyria kuliko wote. Februari 6, 2006 akaketi na Hassan Nasrallah, kiongozi wa Hezbollah wakati huo, wakatia saini waraka wa maelewano. Mahali penyewe ni kanisani, Mar Mikhael.

Nilimwambia hayo tulipotoka hewani. Akanitazama, akauliza: "Sasa Mwalimu, hao ni Wakristo au Waislamu?"