Bwawa na Farasi kwa Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo: Yanayopaswa Kufanyika Kabla

Katika miezi ya karibuni kitengo chetu cha fiziotherapia kimepokea wazazi wengi wanaofika na tangazo kwenye simu, linaloahidi kwamba mtoto mwenye mtindio wa ubongo atatembea baada ya vipindi kumi vya bwawa au vya kupanda farasi. Ahadi hiyo haina msingi. Jeraha la ubongo lililotokea mimba ikiwa tumboni, wakati wa kujifungua au utotoni halifutwi na maji wala na mnyama. Kinachoweza kubadilika ni namna mwili unavyoishi nalo.

Maji yakifika kifuani, miguu hubeba takriban theluthi moja tu ya uzito wa mwili, hivyo mtoto asiyeweza kusimama nchi kavu hupata nafasi ya kujaribu. Na maji ya nyuzijoto 33 hadi 35 hulegeza misuli iliyokakamaa, ilhali ya baridi huikaza. Ndiyo maana bwawa la hoteli si bwawa la tiba, na ufukwe wa Coco, kwa mawimbi yake, si mbadala. Kuhusu kumfukia mtoto mchangani hadi kiunoni ili "miguu ipate nguvu", naomba tuache. Nilimkuta Kigamboni mtoto wa miaka minne, mchanga umembana mapaja, ngumi amezikunja, analia, na bibi yake anahesabu dakika kwa nia njema kabisa. Misuli ya mtoto yule ilikuwa ikizidi kukaza.

Farasi anayetembea polepole husogeza nyonga za aliyempanda mbele na nyuma, juu na chini, kulia na kushoto, karibu sawasawa na mtu anayetembea, takriban hatua 100 kwa dakika, na kila hatua humlazimu mtoto kujiweka sawa. Tiba ni huko kujiweka sawa, wala si kupigwa picha juu ya tandiko. Wengi humtaja kama ushahidi mpanda farasi Lis Hartel wa Denmark, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 licha ya kupooza miguu. Lakini yeye aliugua polio, si mtindio wa ubongo, na alikuwa bingwa wa farasi kabla ya kuugua. Kuna pia aliyeniuliza kama punda wa kubebea maji angefaa. Hafai.

Kabla ya kipindi cha kwanza tunahitaji rufaa ya daktari pamoja na eksirei ya nyonga isiyozidi miezi 12, kwa kuwa nyonga iliyoanza kuchomoka huumizwa zaidi na tandiko. Mtoto mwenye kifafa kisichodhibitiwa, kidonda kibichi, sikio linalotoa usaha au anayeharisha haingii majini. Fomu ya ridhaa husainiwa na mzazi au mlezi anayetambulika kisheria, si dada wa kazi aliyemleta, na kila kipindi huandikwa kwenye kadi ambayo ikipotea hulazimu tathmini kuanza upya. Anayekosa miadi miwili mfululizo bila taarifa hurudi mwisho wa foleni. Mnapokwenda kwingine, ombeni kuona leseni ya mtaalamu, kwani kutoa huduma hii bila usajili ni kosa kisheria.

Dawa ya kifafa ya asubuhi inywewe kama kawaida siku ya bwawa. Tumewahi kumrudisha mtoto mlangoni, kaptula ya kuogelea tayari mwilini, kwa sababu mama yake aliambiwa dawa na maji "vitagongana".