Mamlaka ya kiroho: mkasi uko mkononi mwa nani?

"Baba yako wa kiroho ni nani?" Ukihamia mtaa mpya ukaanza kusali kanisa la jirani, swali hili halikawii kukufikia. Ukijibu kwamba huna, unatazamwa kama mtoto aliyetoroka nyumbani. Nyuma ya swali hilo kuna maneno mawili ambayo yamezoea kutajwa pamoja hadi watu wakadhani ni kitu kimoja: mamlaka ya kiroho na uanafunzi.

Tuanze na mamlaka. Neno la Kigiriki katika Agano Jipya ni exousia, yaani haki ya kutenda jambo, ambayo mtu hupewa na mwenye nayo. Biblia ya Union huliandika mara "mamlaka", mara "amri". Mathayo 7:29 inasema Yesu alifundisha "kama mtu mwenye amri". Luka 10:19 wale sabini wanapewa "amri ya kukanyaga nyoka na nge". Msomaji wa leo akiona amri anawaza kambi ya jeshi au Amri Kumi, kumbe ni exousia ile ile. La kushika hapa ni kwamba mamlaka haya ni ya kupewa. Wana saba wa Skewa, katika Matendo 19, walikuwa na jina sahihi na maneno sahihi ya kukemea pepo, ila hakuna aliyewatuma. Pepo akawauliza: "Yesu namjua na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni nani?" Wakatoka mle nyumbani mbio, uchi na majeraha juu.

Uanafunzi nao umeponzwa na shule. Ukisema mwanafunzi, picha inayokuja ni dawati, daftari na mtihani wa mwisho wa muhula. Kwa nyakati zile za Yesu, mwanafunzi wa rabi alikuwa karibu zaidi na yule tunayemwita mwanagenzi. Nenda kwa fundi cherehani yeyote utamkuta: kijana anayeanza kwa kufagia vipande vya vitambaa, kupiga pasi na kushona vifungo. Baadaye anaruhusiwa kukunja upindo. Miezi inapita anamtazama fundi akipima mabega ya wateja, anasikia anavyomjibu mteja mkali, anaona anavyofanya akiharibu nguo ya mtu. Halafu siku moja fundi anamkabidhi mkasi na kitambaa cha mteja. Si kitambaa cha kujifunzia, ni cha mteja, kimelipiwa. Hapo ndipo uanagenzi na mamlaka vinapokutana. Kijana hakuusomea mkasi kwenye kitabu wala hakuunyakua. Aliaminiwa nao, na jioni fundi atakagua.

Luka 10 inakwenda hivyo hivyo. Sabini wanatumwa wawili wawili, wanapewa amri, wanarudi na furaha, wanatoa taarifa, na Yesu anawarekebisha: wasifurahie kwamba pepo wanawatii. Na Mathayo 28 inaweka maneno yote mawili katika pumzi moja: mamlaka yote nimepewa mimi, basi ninyi enendeni mkawafanye mataifa kuwa wanafunzi. Mamlaka yanabaki kwa Kristo, na wanafunzi wanaobatizwa ni wake. Mchungaji, mwalimu wa shule ya Jumapili na mama anayemwombea mjukuu wake wote wanatumia mkasi wa kuazima.

Ni kweli Waebrania 13:17 inasema "watiini wenye kuwaongoza", na huo mstari haufutiki. Ila watu hukatia hapo. Sentensi inaendelea kwamba viongozi wanakesha kwa ajili ya roho za watu "kama watu watakaotoa hesabu". Paulo aliwaambia Wakorintho ni baba yao katika Injili, na katika barua ya pili akaeleza mamlaka yake ni ya kujenga, si ya kubomoa. Petro anawakataza wazee kujifanya mabwana, wawe vielelezo.

Afrika Mashariki jambo hili liliwahi kupimwa vikali. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Ndugu wa uamsho walikusanyika, mtu akasimama, akataja dhambi yake kwa jina: deni alilokana, chombo cha mwajiri alichoiba. Kukiri huko walikuita "kutembea nuruni". Mzungu mmishenari na mpishi wake walikaa benchi moja, na mpishi aliweza kumwambia mmishenari kwamba ana kiburi. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, uongozi uliwakataza wanafunzi wa uamsho mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao chuoni. Hawakuacha. Wakafukuzwa 26, William Nagenda akiwa mmoja wao. Waliasi mamlaka? Wakuu wa chuo waliona hivyo, na sidhani walikuwa na hoja nyepesi. Wale vijana walikuwa wasumbufu kweli. Lakini tazama walichofanya baadaye: hawakufungua kanisa lao. Uamsho ukabaki ndani ya Kanisa la Anglikana, na Nagenda akawa mmoja wa wahubiri wake wakubwa.

Neno "kifuniko", yaani kiongozi ambaye muumini anatakiwa kuwa chini yake kiroho, linasikika sana siku hizi, nalo lina historia nyingine. Miaka ya 1970 waalimu watano waliokuwa Fort Lauderdale, Florida, walisambaza fundisho kwamba kila Mkristo lazima awe chini ya mchungaji wake binafsi. Nia ilikuwa nzuri: watu waliookoka kwa wingi walihitaji malezi. Ila mambo yakafika mahali muumini anaomba ruhusa ya kuoa, kubadili kazi au kununua nyumba. Mmoja wa watano hao, Derek Prince, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha ualimu Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, alijitoa. Mwenzake Bob Mumford baadaye aliomba radhi hadharani. Fundisho lilikufa kwao, kwetu likahamia na nguo mpya. Na Kenya ilipofukua makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023, ya waumini wanaodaiwa kuambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, miili ikapita 400, tukaona utii usioruhusiwa kuuliza unaweza kufika wapi.

Ngao ya kila kiongozi asiyetaka kuulizwa ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu". Isome kuanzia juu. Masihi hao, yaani watiwa mafuta, ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wanaotangatanga, na wanaoonywa ni wafalme. Yaani mstari unamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, sisi tumeugeuza. Wengine hutaja kwamba Daudi hakumuua Sauli, mfalme aliyekuwa akimwinda. Sawa, lakini alimwita kwa sauti mbele ya jeshi akamwonyesha pindo la vazi alilokata. Nathani alimwambia Daudi "wewe ndiwe mtu huyo". Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia.

Mimi nikiulizwa baba yangu wa kiroho, humtaja mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa akiuza maandazi. Alinifundisha kuomba Zaburi, akinichukua kila alipokwenda kutazama wagonjwa. Siku moja, bila kunitahadharisha, alinipa kuongoza maombi ya Jumatano, yeye akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilibabaika, nikasoma mstari usiohusika. Baada ya ibada alinisubiri nje kwenye mwembe watu walipoisha, akanionyesha nilipokosea, kisha akaniuliza Jumatano ijayo nitasoma wapi.