Njiti wa chini ya wiki 28 na dhana ya kuokolewa na kisu

Matangani na kwenye viti vya kliniki hapa Mombasa, kauli moja imezoeleka mno: "Lau mamake angepasuliwa, yule njiti angeishi." Husemwa kwa huruma, lakini humtwika mama aliyefiwa lawama isiyo yake.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, na aliyezaliwa kabla ya wiki 28 yuko katika daraja la hatari kubwa zaidi. Kinachohesabiwa ni wiki, si uzito. Mtoto wa gramu 1,900 aliyetimiza wiki 39 ni mdogo, lakini si njiti.

Upotofu mkubwa uko kwenye njia ya kuzaliwa. Ni kweli kwamba katika baadhi ya kumbukumbu za hospitali, njiti wa chini ya wiki 28 waliotolewa kwa upasuaji huonekana kunusurika kwa wingi kuliko waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Hata hivyo, makundi hayo hayakuanza sawa. Katika wiki ya 24 au 25, daktari hupasua kwa ajili ya mtoto pale anapomwona ana tumaini la kuishi na muda upo, ilhali mama aliyefika mlango wa uzazi umeshafunguka, au ambaye mtoto wake alidhaniwa hataishi, huachwa azae kwa kawaida. Mtoto akifariki, kifo chake huhesabiwa upande wa njia hiyo ingawa si njia iliyomuua. Majaribio ya kuwagawa akina mama kwa kura, ambayo yangeonyesha kama tofauti yatokana na njia ya kuzaliwa au na hali ya mtoto tangu mwanzo, yamekuwa machache na madogo, kwa kuwa washiriki hawakupatikana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba upasuaji usifanywe kama desturi kwa sababu tu mtoto ni njiti, awe ametanguliza kichwa au makalio. Kwa wa makalio madaktari bado wanabishana, kwani kiwiliwili chembamba huweza kupita mlango usiofunguka vyema, kichwa kikanaswa.

Kisu nacho kina gharama. Katika wiki hizo sehemu ya chini ya kizazi haijatanuka, na mara nyingi daktari hulazimika kukichana kwa wima, kovu ambalo huweza kupasuka katika mimba inayofuata.

Mama anayevuja damu nyingi, au ambaye kondo limeziba njia, atapasuliwa, na ni haki yake. Lakini anayetaka kujua kwa nini njiti alinusurika au hakunusurika, aulize kwanza zilikuwa wiki ngapi, kama mama aliwahi kudungwa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, dawa ya aina moja na ile ambayo madaktari Liggins na Howie waliithibitisha New Zealand mwaka 1972, na kama mama wa Likoni alivushwa feri kuifikia hospitali yenye wodi ya watoto wachanga kabla hajazaa, au mtoto ndiye aliyevushwa baadaye, keshapoa mwili.