Talaka kwa usuluhishi: msihesabu vikao

Mimi ni msuluhishi wa talaka, na wiki hii nimeulizwa tena: "Si vikao vitatu tu, tumemaliza?" Aliyeuliza alikuwa hata hajamwambia mkewe kwamba anataka talaka.

Vikao vyenyewe si vingi. Kimoja ni saa moja na nusu hadi mbili, na wengi humaliza kwa vitatu hadi sita. Ukivijumlisha havifiki siku mbili za kazi. Watu huhesabu saa za mezani wakasahau wiki zilizo katikati. Nyumba inamsubiri mthamini. Mfuko wa pensheni haujajibu barua. Taarifa za benki zimeletwa za miezi mitatu, nasi tulikubaliana za kumi na miwili. Bila karatasi hizo hatugusi mali, maana makubaliano ya kukisia yanaweza kuvunjwa mahakamani.

Lakini karatasi zina mwisho. Kinachokula muda hasa ni kwamba wawili hawa hawakuanza kuachana siku moja. Mmoja ameiaga ndoa kimoyomoyo miaka miwili sasa. Mwenzake kapata habari mwezi uliopita. Yule anaona anacheleweshwa makusudi, huyu anaona anasukumwa. Niliwahi kukaa na wawili waliomaliza suala la nyumba kwa dakika kumi, kisha wakabishana dakika arobaini nani atamchukua mtoto shuleni Ijumaa. Mama alikunja na kukunjua karatasi ya ratiba mpaka ikachanika. Ijumaa ndiyo siku waliyozoea kwenda kumchukua pamoja. Nikaahirisha kwa wiki tatu. Waliporudi, Ijumaa iliisha kwa dakika tano.

Hata hivyo kuahirisha si dawa ya kila mtu. Nimewahi kumpa mume mmoja wiki kama hizo apumue, akazitumia kuhamisha fedha. Tangu hapo kila nikifunga kikao mapema moyo hunisuta.

Na mkishatia saini bado hamjaachana! Msuluhishi hatoi talaka, mahakama ndiyo huitoa, nayo ina kalenda yake. England na Wales, kwa sheria iliyoanza Aprili 2022, ni wiki 20 tangu kesi ifunguliwe kabla ya kuomba amri ya masharti, yaani mahakama kukubali kwamba mnaweza kuachana, kisha wiki 6 nyingine kabla ya amri ya mwisho, ile inayovunja ndoa. California si chini ya miezi 6 tangu mwenzako apokee hati. Hata mkikubaliana yote siku ya kwanza.

Yule bwana nimemwambia akaongee na mkewe kwanza. Tarehe ya kikao sijampa.