Mbwa Anayenenepa na Kunyonyoka Manyoya: Maswali Kuhusu Tezi ya Thairoidi

Mbwa wangu wa miaka sita, hapa Tabora, ananenepa ingawa chakula hakijaongezeka, analala kutwa, na mkia umebaki ngozi tupu. Je, ni uzee?

Kwa kawaida miaka sita bado si uzee. Huenda tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, haitoi homoni ya kutosha kuuendesha mwili, mara nyingi kwa sababu kinga ya mbwa mwenyewe imeishambulia au tezi imesinyaa bila chanzo kujulikana. Manyoya hupukutika ubavu huu na ule kwa kulingana, na kwa kawaida bila muwasho. Anayejikuna usiku kucha achunguzwe kwanza upele na viroboto.

Nianze dawa mara moja?

La. Katika mkoa wenye kupe wengi, na wenye mbung'o katika misitu ya miombo, mbwa aliyezubaa huenda ana homa ya kupe au ndorobo (ugonjwa uenezwao na mbung'o), na ugonjwa wowote mzito hushusha T4, yaani homoni ya tezi hiyo, katika damu hata tezi ikiwa nzima. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, nayo hufanya hivyo. Kwa hiyo daktari wa mifugo huyatibu hayo kwanza, ndipo hupima T4 pamoja na TSH, homoni inayoichochea tezi ifanye kazi. Kipimo kimoja cha T4, kwa maoni yangu, hakitoshi kumfunga mbwa na dawa ya maisha.

Chumvi ya madini joto itamsaidia?

Haitamsaidia. Tezi iliyoharibika haifufuliwi na chumvi, iwe ya Uvinza au ya dukani.

Matibabu yakoje?

Ni vidonge vya levothairoksini, yaani T4 ya kutengenezwa, maisha yote. Daktari huanza aghalabu na mikrogramu 20 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12, hivyo mbwa wa kilo 20 hupata mikrogramu 400 asubuhi na 400 jioni. Kiasi hicho humshangaza mwuza dawa aliyezoea dozi za binadamu, lakini kisipunguzwe kwa kipimo cha binadamu. Mbwa mwenye maradhi ya moyo au kisukari ndiye huanzishiwa kidogo. Kidonge kitolewe kwa utaratibu uleule kila siku, ama pamoja na chakula ama kabla yake, kwa kuwa chakula hupunguza ufyonzwaji wake.

Uchangamfu hurudi ndani ya wiki moja au mbili, ilhali manyoya huchukua miezi, na mwanzoni yanaweza kupukutika zaidi. Damu hupimwa tena baada ya wiki 4 hadi 8, saa 4 hadi 6 tangu kumeza kidonge. Akianza kunywa maji mno, kuhema, kutotulia au kukonda, mrudishe kwa daktari, kwani huenda dozi imezidi.